Je, Wajua? Ramani za Kale na Mikono Iliyozitia Rangi

Je, wajua kwamba ramani ya kwanza kuchapwa Ulaya ina upana wa sentimita sita na kitu tu? Ilitoka Augsburg, Ujerumani, mwaka 1472, ndani ya kitabu cha Isidore wa Sevilla, askofu aliyekuwa amekwisha kufa zaidi ya miaka 800 kabla. Ni duara lililogawanywa kwa herufi T: Asia imekaa juu, Ulaya chini kushoto, Afrika chini kulia, na bahari imeyazunguka mabara yote matatu. Hakuna mto, hakuna mlima, hakuna mji.

Na tusiwape watu wa Ulaya sifa isiyo yao. Wachina walikuwa wakichapa ramani kwa vibao vya mbao tangu katikati ya karne ya 12.

Je, wajua kwamba karibu kila ramani ya enzi hizo ilitoka mtamboni ikiwa nyeusi na nyeupe? Bahari ya buluu, misitu ya kijani na miji myekundu unayoiona kwenye katalogi za minada ilipakwa na mtu aliyeketi mezani na brashi, karatasi moja baada ya nyingine. Hali ilibaki hivyo hadi karne ya 19, uchapaji wa rangi kwa kutumia mawe ulipoenea. Ndiyo maana karatasi mbili zilizotoka kwenye bamba moja la shaba, siku moja, leo zinaweza kupishana bei kwa kiasi cha kukutoa jasho.

Wapo waliojaribu kuikwepa brashi. Mwaka 1511 Bernardo Silvano alichapa mjini Venice ramani zenye wino mweusi na mwekundu. Miaka miwili baadaye wachapaji wa Strasbourg walitoa ramani ya Lorraine kwa rangi tatu, na wengi huihesabu kuwa ndiyo ramani ya kwanza kuchapwa kwa rangi. Lakini kila rangi ilidai kibao chake na kupitishwa mtamboni upya, na karatasi ikisogea kidogo tu, mto unatoka nje ya kingo zake. Watu wakarudi kwenye brashi.

Je, wajua kwamba kitabu cha kwanza cha ramani zilizochapwa kwa mabamba ya shaba kina kosa la tarehe? Ni Jiografia ya Ptolemy, iliyochapwa Bologna mwaka 1477 ikiwa na ramani 26. Mwishoni mwa kitabu pameandikwa 1462, na kosa hilo liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Fundi aliyehusika na mabamba yake, Taddeo Crivelli, alikuwa bingwa wa kupamba vitabu vya kuandikwa kwa mkono. Mkataba ulitaja nakala 500. Moja iliyopona iliuzwa kwa mnada London mwaka 2006 kwa zaidi ya pauni milioni 2.

Ptolemy mwenyewe hakuona hata karatasi moja ya hizo. Aliishi Alexandria, Misri, karne ya 2, na kazi yake ilitafsiriwa kwa Kilatini huko Florence mwanzoni mwa karne ya 15. Walichofanya wachapaji ni kuuza maarifa ya miaka 1,300 iliyopita yakiwa yamevikwa nguo mpya, na wateja wakayapigania.

Pwani yetu imo humo. Ptolemy aliutaja mji wa Rhapta, bandari ya biashara iliyokuwa mahali fulani kwenye pwani ya Tanzania ya leo, na wanaakiolojia hawajakubaliana hata sasa ilikuwa wapi. Kusini zaidi akaiweka rasi ya Prasum. Baada ya hapo ni nchi isiyojulikana inayokunja kuelekea mashariki hadi kuungana na Asia, na kuifanya Bahari ya Hindi kuwa ziwa lililofungwa pande zote. Ndivyo lilivyochapwa toleo la Ulm, Ujerumani, mwaka 1482. Miaka 16 baadaye, Aprili 1498, Vasco da Gama alitia nanga Mombasa na kisha Malindi, baada ya kuizunguka Afrika kwa njia ambayo ramani ile haikuwa nayo.

Toleo hilo la Ulm ndilo wakusanyaji wengi huliota usiku. Bahari zake kwa kawaida zilipakwa buluu nzito ambayo baada ya miaka zaidi ya 500 bado inang'aa. Mchapaji, Lienhart Holle, alifilisika muda mfupi baadaye. Mwaka 1486 vibao vyake vilitumika tena na mtu mwingine, Johann Reger, na safari hii bahari zikapakwa rangi ya kahawia. Kwa hiyo mwenye jicho husimama mbali, akaangalia bahari tu, na tayari ameshaanza kukisia ni toleo gani.

Je, wajua kwamba ramani ya dunia ya toleo hilo ina sahihi ya mchongaji? Johannes Schnitzer wa Armsheim aliliweka jina lake juu ya ramani, jambo ambalo kwa mchonga mbao wa wakati ule lilikuwa nadra. Tena ana alama nyingine ya kumtambulisha: herufi N aliichonga kinyumenyume.

Visiwa navyo vilitangatanga. Kwenye tufe la Martin Behaim la mwaka 1492, na tena kwenye ramani ya Martin Waldseemüller ya 1507, Zanzibar ni kisiwa kikubwa mno kilichotupwa mbali katikati ya Bahari ya Hindi. Chanzo ni Marco Polo, ambaye hakufika, lakini aliandika kwamba mzunguko wa kisiwa hicho ni maili 2,000. Unguja yenyewe haifiki hata kilomita 100 kwa urefu.

Tukiwa kwa Waldseemüller: ramani yake ya 1507, yenye karatasi 12 za kuunganishwa ukutani, ndiyo ya kwanza kuliandika jina Amerika. Inasemekana zilichapwa nakala 1,000. Imebaki moja. Ilipatikana mwaka 1901 katika ngome ya Wolfegg, Ujerumani, na padre mwalimu aitwaye Joseph Fischer, na mwaka 2003 Maktaba ya Bunge la Marekani ilikamilisha kuinunua kwa dola milioni 10. Kilichoiokoa ni kwamba haikubandikwa ukutani. Mmiliki wake aliifunga ndani ya jalada la kitabu na kuiacha. Ramani za ukutani zilipakwa vanishi, zikatundikwa, zikafukizwa na moshi wa mishumaa na mekoni, kisha zikatupwa. Katika ulimwengu huu, ramani iliyosahauliwa ndiyo iliyopona.

Cha kuchekesha ni kwamba Waldseemüller mwenyewe aliliondoa jina Amerika kwenye ramani aliyoichapisha mwaka 1513. Alikuwa amechelewa, wengine walishalichukua.

Je, wajua kwamba Abraham Ortelius, baba wa atlasi ya kisasa, alianza maisha kama mtia rangi? Alizaliwa Antwerp mwaka 1527, na mwaka 1547, akiwa kijana wa miaka 20, aliandikishwa katika chama cha mafundi cha Mtakatifu Luka kwa kazi hiyohiyo: kupaka ramani rangi. Baba yao alikuwa amefariki, na Abraham na dada zake walinunua ramani zilizochapwa na wengine, wakazigandisha juu ya kitambaa, wakazipaka na kuziuza. Tarehe 20 Mei 1570 akatoa kitabu chake, Theatrum Orbis Terrarum, chenye karatasi 53 za ramani zilizochongwa zote kwa kipimo kimoja cha ukurasa. Na akafanya jambo la kiungwana ambalo wenzake hawakulizoea: aliwaorodhesha wachora ramani 87 ambao kazi zao alizitegemea au kuzifahamu.

Kitabu hicho kiliuzwa kikiwa na rangi au bila rangi, na chenye rangi kiligharimu zaidi. Sasa sikiliza hili. Mwaka 1595 mpwa wake aliyekuwa London aliomba nakala yenye rangi. Ortelius, mtu aliyekula mkate wa brashi, akamjibu kwamba kwa maoni yake isiyo na rangi ni bora, ila aamue mwenyewe.

Alikuwa na sababu. Mchongaji wa shaba hutumia vistari vyembamba na vidoti kuonyesha kina cha bahari na kivuli cha milima, na mpaka rangi mwenye haraka huvizika vyote chini ya tope la kijani. Waitaliano walilijua hilo; ramani zao za karne ya 16 kwa kawaida ziliachwa bila rangi. Watu wa kaskazini, yaani Uholanzi na Ujerumani, ndio waliopenda rangi. Basi ukikuta ramani ya Venice au Roma ya miaka ya 1560 inawakawaka, uliza swali moja zaidi kabla ya kutoa pesa.

Je, wajua kwamba kazi hii ilikuwa mikononi mwa wanawake kwa kiasi kikubwa? Mchongaji aliweka jina lake kwenye shaba, mchapishaji akaweka anwani yake, lakini mpaka rangi hakuweka lolote. Karakana nyingi zilikuwa nyumba za familia, na mama, binti na watoto ndio walioshika brashi. Jina moja limebaki kwenye daftari za hesabu za Christophe Plantin, mchapaji mkubwa wa Antwerp: Mynken Liefrinck, mwanamke aliyepaka rangi ramani na picha kwa ajili ya wateja wa Plantin. Daftari hizo zipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Plantin-Moretus, pamoja na mitambo yenyewe. Inauma kidogo kwamba ili mwanamke huyo ajulikane ilibidi awepo mhasibu.

Karne moja baadaye hali ilibadilika kwa mtu mmoja. Dirk Jansz van Santen wa Amsterdam alifanya upakaji rangi kuwa sanaa yenye jina. Alitumia rangi za bei kubwa na dhahabu halisi, na matajiri walimpelekea atlasi zao azipambe upya. Kazi yake inaonekana katika mkusanyo wa mwanasheria Laurens van der Hem, wenye zaidi ya ramani na picha 2,400, ambao sasa uko Vienna na umeorodheshwa na UNESCO katika Kumbukumbu ya Dunia.

Van der Hem alijenga mkusanyo wake juu ya Atlas Maior ya Joan Blaeu, kitabu kilichohesabiwa kuwa ghali kuliko vyote vilivyochapwa katika karne ya 17. Toleo la Kilatini la 1662 lilikuwa na majuzuu 11 na ramani karibu 600. Bila rangi, mteja alilipa guilda 350 hivi. Kwa rangi, 450 hivi. Karakana ya Blaeu ilikuwa na mitambo tisa ya herufi, kila mmoja ukiitwa jina la mmojawapo wa miungu wa kike tisa wa sanaa wa Wagiriki, na mingine sita ya kuchapia mabamba ya shaba. Februari 1672 moto ukateketeza karakana yao mojawapo. Mwaka uliofuata Joan Blaeu akafa.

Hizo rangi zilikuwa nini? Hapa ndipo mkusanyaji anapolazimika kuwa mkemia kidogo. Nyekundu kali ilikuwa zingefuri, itokanayo na zebaki na salfa. Nyekundu ya machungwa ilitoka kwenye risasi, nayo huweza kugeuka nyeusi ikikaa kwenye hewa chafu. Waridi lilitoka kwenye magome na mbao za mti au kwa wadudu waliokaushwa kutoka Meksiko. Njano iliweza kuwa zafarani, ileile ya pilau ya wenye nazo. Buluu ilikuwa nili, au jiwe la shaba lililosagwa. Vyote vilichanganywa na gundi ya miti ya jamii ya migunga, bidhaa ambayo Sudan bado inaongoza kuiuza duniani. Na kabla ya kupaka, karatasi ililoweshwa kwa maji ya shabu ili isiinywe rangi ikatoka upande wa pili.

Rangi hatari kuliko zote ilikuwa kijani. Walichukua vipande vya shaba, wakaviweka kwenye mvuke wa siki, na ile kutu ya kijani inayoota juu yake wakaikwangua na kuifanya rangi. Inapendeza. Lakini shaba hiyo haitulii: inaendelea kuila karatasi polepole kwa miaka mingi, kijani kinageuka kahawia, karatasi inakuwa kavu kama jani la mgomba la kiangazi, mwisho inakatika. Zipo ramani ambazo mpaka wa nchi uliopakwa kijani umedondoka wote, nchi ikabaki na tundu pembeni yake.

Uharibifu huo ndio rafiki mkubwa wa mnunuzi. Geuza ramani. Kama kijani cha mbele kimeacha kivuli cha kahawia nyuma, umepata ushahidi mzuri kwamba rangi ni ya zamani. Kisipoacha, usikate tamaa haraka. Wapo mafundi waliotumia kijani cha matunda ya mti, ambacho hakiliumizi karatasi. Ila basi unahitaji ushahidi mwingine.

Ushahidi mwingine uko kwenye mkunjo. Ramani nyingi za atlasi zilikunjwa katikati, na baada ya karne kadhaa nyuzi za karatasi kwenye mkunjo huwa zimechoka. Rangi iliyopakwa jana huzama kwenye mikunjo, nyufa na viraka, ikaacha mstari mzito. Rangi ya zamani iliwekwa karatasi ikiwa nzima, kwa hiyo ufa huipasua pamoja na karatasi. Mpaka rangi wa kisasa anaweza kuiga mkono wa Antwerp. Kuuiga ufa ni kazi nyingine.

Je, wajua kwamba kemia imeshawaumbua wengi? Buluu ya Prussia iligunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, kwa hiyo ramani ya 1590 yenye buluu hiyo imepakwa baadaye, muuzaji aseme asemalo. Nyeupe ya titani ilianza kuuzwa karne ya 20. Madini hayohayo ya titani ndiyo yaliyoisaliti ramani maarufu ya Vinland, iliyochorwa kwa mkono na kudaiwa kuwa ya katikati ya karne ya 15. Chuo Kikuu cha Yale kiliitangaza kwa shangwe mwaka 1965. Mwaka 2021 chuo hichohicho kikatamka kwamba ni ya kughushi. Titani ilikutwa kwenye wino wake kote.

Ramani za Johann Baptist Homann wa Nuremberg, aliyefungua biashara yake mwaka 1702, zina mtego wake. Yeye na warithi wake walipaka nchi rangi nzito, lakini ile michoro ya mapambo inayozunguka jina la ramani kwa kawaida waliiacha bila rangi. Ikiwa malaika na samaki wa pembeni wote wamevaa rangi, inawezekana kuna mtu wa baadaye aliyetaka kupandisha bei.

Kuna pia karatasi ambazo hazijawahi kuwa za kale. Chukua lenzi. Ukiona vidoti vidogo vya rangi vilivyopangwa kwa safu, hiyo ni picha ya mtambo wa karne ya 20, hata kama imelowekwa kwenye chai ili ionekane nzee. Ramani iliyochapwa kwa bamba la shaba huwa na alama ya bamba, ule mdidimio wa mstatili kuizunguka picha, kwa sababu karatasi mbichi ilisukumwa kwa nguvu dhidi ya shaba. Ukiinua karatasi kwenye mwanga unapaswa kuona mistari ya kiunzi ilimotengenezewa, na pengine alama ya kiwanda. Karatasi laini isiyo na mistari ilianza kutumika vitabuni mnamo 1757. Ramani ya Ortelius haina jinsi ya kuchapwa juu yake.

Vibao vya mbao navyo vilikuwa na siri. Wadudu waliotoboa kibao waliacha doa jeupe katika kila karatasi iliyochapwa baada ya hapo. Toleo lenye madoa mengi ni la baadaye. Mdudu ameandika tarehe ambayo mchapaji hakuiandika.

Na mwaka ulioandikwa juu ya ramani usiuamini peke yake. Mabamba ya Gerard Mercator yaliuzwa mwaka 1604 kwa Jodocus Hondius wa Amsterdam, akaendelea kuyachapa, na waliomfuata nao wakachapa. Ukitaka kujua karatasi yako ni ya lini, soma maandishi ya nyuma: yapo ya Kilatini, Kijerumani, Kifaransa, na mpangilio wa mistari hubadilika toleo kwa toleo. Wauzaji wazuri wana vitabu vya kulinganishia.

Sasa, mtu wa Afrika Mashariki aanze na nini? Mimi ningeanza na karatasi moja kutoka Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha miji cha Georg Braun na Frans Hogenberg kilichoanza kutoka Cologne mwaka 1572. Juu kuna Aden. Chini yake, bega kwa bega, kuna Mombasa, Kilwa na Sofala. Utaitafuta Fort Jesus na hutaiona, maana Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, miaka 21 baada ya picha hii. Kilwa bado inaonekana mji wa minara, ingawa Wareno walishaipora tangu 1505 pamoja na Mombasa. Nadhani hakuna karatasi nyingine ya karne ile inayotuweka katika orodha moja na London na Venice namna hiyo, kama miji yenye jina, wala si pembe tupu ya bara.

Braun, kwa njia, alieleza kwa nini aliweka watu waliovaa mavazi ya kwao mbele ya miji hiyo. Eti Waturuki, kwa kuwa dini yao inakataza picha za watu, wasingezitumia picha hizo kupanga vita. Alikuwa padre, si mwanajeshi, na inaonekana.

Ramani ya Afrika ya Sebastian Münster, Basel, kutoka miaka ya 1540, ina tembo mkubwa kusini, kasuku juu ya miti, na jitu la jicho moja limeketi karibu na Ghuba ya Guinea. Inachekesha na inakera kwa wakati mmoja, na kwa vile vitabu vya Münster vilichapwa mara nyingi sana, karatasi zake ndogo bado hupatikana kwa bei ya mamia ya dola. Ortelius naye, mwaka 1573, alichora milki ya Prester John, mfalme Mkristo wa hadithi, akaitandaza kutoka Uhabeshi hadi bara nyuma ya Mombasa na Kilwa. Miji ya pwani iko mahali pake. Ufalme wenyewe haukuwepo. Kama una mfuko mrefu zaidi, tafuta Afrika ya Blaeu: juu kuna picha za miji tisa, Kisiwa cha Msumbiji kikiwamo, na kingo za kushoto na kulia zina watu wa Afrika wakiwa wamesimama wawili wawili. Katika ramani hiyo mpaka rangi ndiye mwamuzi. Kila nguo ilingoja brashi, na hakuna nakala mbili zinazovaa sawa.

Kosa nalo lina soko. Kuanzia miaka ya 1620, ramani nyingi zilionyesha California kuwa kisiwa, na mfalme wa Hispania alilazimika kutoa amri mwaka 1747 kwamba si kisiwa. Chuo Kikuu cha Stanford kina mkusanyo wa ramani zaidi ya 700 za kosa hilo moja.

Je, wajua kwamba wembe ni adui mkubwa wa ramani kuliko moto? Tarehe 8 Juni 2005, mfanyakazi wa Maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale aliona kijembe kimedondoka sakafuni. Kilikuwa cha muuza ramani aliyeheshimika, mtu aliyekuwa akisaidia matajiri kujenga mikusanyo yao. Alikiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba kadhaa, zenye thamani ya dola milioni 3 hivi, akafungwa miaka mitatu na nusu. Tangu hapo swali la "umeipata wapi?" halihesabiwi kuwa ukosefu wa adabu. Muuzaji akikunja uso ukimuuliza, ondoka.

Wengine huchana kwa halali. Ramani nyingi tunazoziona kwenye fremu zilitoka katika atlasi kamili zilizonunuliwa na kufumuliwa, kwa sababu karatasi moja moja huleta faida kuliko kitabu. Ni biashara inayoruhusiwa, na bila hiyo mtu wa kipato cha kawaida asingemiliki hata Münster mmoja. Lakini kuichana atlasi iliyosalimika nzima kwa miaka 400 naona ni uharibifu, na nisingenunua kwa anayefanya hivyo leo.

Ukishainunua, jua ndilo la kuogopa kwanza. Nili na zingefuri huvumilia kidogo. Njano na waridi za mimea hufifia upesi. Kijani kilichotengenezwa kwa nili na njano hubaki buluu njano ikiondoka, na ndiyo maana baadhi ya misitu ya karne ya 17 leo ni ya buluu. Tundika mbali na dirisha, chini ya kioo kinachozuia miale ya urujuanimno, na karatasi ya nyuma isiwe na asidi. Usipitishe plastiki ya moto, usitumie selotepu. Kwa wakazi wa Mombasa, Tanga au Unguja, unyevunyevu ni mbaya kuliko yote: huleta madoa ya kahawia na kuwaalika wadudu, na mchwa hawabagui kati ya Blaeu na gazeti la juzi. Ukuta unaopakana na bafu haufai.

Kabla ya kutoa shilingi, tazama bure. Maktaba ya Bunge la Marekani imeiweka ramani ya 1507 mtandaoni kwa ukubwa unaokuruhusu kusoma kila jina, na Stanford imeweka mkusanyo wa ramani za Afrika wa daktari Oscar Norwich wa Johannesburg. Ukae nazo miezi kadhaa hadi jicho lizoee. Kisha ukienda kwa muuzaji, mwombe aitoe ramani kwenye fremu na aigeuze. Na kama fedha zako zinatosha moja tu kati ya ramani iliyopakwa upya ikang'aa na ile isiyo na rangi kabisa, chukua isiyo na rangi.